33,550,336: sifa zipi ni zake, zipi ni zetu

Mtu yeyote akikaa na kalamu anaweza kuibandika namba sifa mia. Chukua 33,550,336. Ni shufwa. Si kipeo cha pili cha namba yoyote. Jumla ya tarakimu zake ni 28. Ukianza kuigawa kwa 2 na kuigawa tena na tena, utafanya hivyo mara kumi na mbili ndipo ukwame. Tarakimu zake zenyewe zina mchezo fulani: 33, halafu 55, sifuri, 33 tena, kisha 6. Makamusi ya namba yamejaa orodha za namna hii. Nazipenda, lakini zina tabia moja inayoniudhi: sifa nzito na sifa ya kubahatisha zinakaa bega kwa bega, kana kwamba zina uzito mmoja, na hakuna anayekuambia ipi ni ipi.

Kwa hiyo kila ninapokutana na namba kubwa iliyopambwa huwa nauliza swali moja. Tukiondoa mazoea yetu ya kuhesabu kwa makumi, ni sifa zipi zitakazobaki na namba yenyewe, na zipi zitaondoka pamoja nasi? Hii 33,550,336 inafaa sana kwa swali hilo, kwa sababu ina za aina zote mbili, na baadhi zinakataa kukaa upande wowote.

Sifa yake kubwa ni kwamba ni namba timilifu, ya tano tangu mwanzo. Namba huitwa timilifu pale vigawanyo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vinapojumlishwa na kuirudisha vilevile. Ya kwanza ni 6, maana 1 + 2 + 3 ni 6. Ya pili ni 28, yaani 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Zinafuata 496 na 8,128. Baada ya hapo ni ukame. Unapita maelfu, unapita malaki, unapita mamilioni, hakuna kitu, mpaka ufike 33,550,336, ambayo ni zaidi ya mara elfu nne ya iliyoitangulia.

Kujumlisha vigawanyo vya namba yenye tarakimu nane kunatisha kwa mbali, lakini ukiisogelea hii inafunguka kirahisi. Ni 4,096 mara 8,191. Ile 4,096 ni 2¹², na 8,191 ni namba tasa. Basi vigawanyo vyake ni 26 tu, na vinakaa katika safu mbili. Safu ya kwanza ni 1, 2, 4, 8 na kuendelea hadi 4,096. Jumla ya safu hiyo daima hupungua moja tu kufikia ile ambayo ingefuata, kwa hiyo ni 8,191. Safu ya pili ni zilezile zikiwa zimezidishwa kwa 8,191, na tunaishia kwenye 2,048 mara 8,191, maana inayofuata ni namba yenyewe na hatuihesabu. Hapo 1 + 2 + 4 hadi 2,048 ni 4,095, hivyo safu ya pili inatoa 4,095 mara 8,191. Ongeza 8,191 moja ya safu ya kwanza, unapata 4,096 mara 8,191. Tumerudi tulipoanzia, na hatukuhitaji kikokotoo.

Njia hii ni ya zamani mno. Euclid aliithibitisha takriban mwaka 300 kabla ya Kristo: jumlisha 1, 2, 4, 8 na kuendelea, na jumla ikitokea kuwa namba tasa, izidishe kwa namba ya mwisho uliyojumlisha, zao litakuwa timilifu. Ukisimama kwenye 4,096, jumla ni 8,191, namba tasa, na hiyo ndiyo namba yetu. Leonhard Euler, katika karne ya 18, alithibitisha upande wa pili, kwamba kila namba timilifu iliyo shufwa lazima itoke kwenye njia hiyohiyo. Uthibitisho wake ulichapishwa 1849, yeye akiwa amekufa tangu 1783.

Hakuna hatua hata moja katika hayo iliyogusa tarakimu. Watu wanaohesabu kwa namna tofauti kabisa na yetu wangeiandika namba hii kwa alama nyingine, lakini wangekuta vigawanyo vilevile 26 na jumla ileile. Utimilifu, basi, ni mali ya namba.

Sasa angalia nini hutokea mtu anapochanganya mali ya namba na mali ya tarakimu. Karibu mwaka 100 wa zama zetu, Nicomachus wa Gerasa aligawa namba shufwa katika makundi matatu: zenye vigawanyo vinavyozidi, kama 12 ambayo vyake vinafika 16, zenye vigawanyo vinavyopungua, kama 8 inayoishia 7, na timilifu, zilizo katikati. Mgawanyo huo bado tunautumia. Yeye hakuishia hapo, akaingiza na maadili: zinazozidi alizifananisha na wanyama wenye viungo vingi kupita kiasi, zinazopungua na wanyama waliokosa jicho au mkono. Nimesoma watu wakimcheka kwa hilo. Mimi sioni kosa kubwa, ni chumvi ya mwandishi tu. Kosa lake zito liko kwingine. Alikuwa na namba timilifu nne mkononi, 6, 28, 496 na 8,128, akaona moja iko kwenye mamoja, moja kwenye makumi, moja kwenye mamia, moja kwenye maelfu. Akaona pia kwamba zinaishia 6, 8, 6, 8. Akatangaza yote mawili kuwa sheria.

Namba yetu inavunja sheria ya kwanza peke yake. Ingetakiwa kuwa na tarakimu tano, nayo ina nane. Sheria ya pili inaivunja kwa msaada wa jirani: yenyewe inaishia 6, na namba timilifu ya sita, 8,589,869,056, nayo inaishia 6. Hakuna kupokezana.

Kilichonivutia ni kwamba sheria ya pili ina nusu ya ukweli ndani yake. Namba timilifu shufwa huishia 6 au 8, hakuna namna nyingine, na sababu yake inapatikana kwa haraka. Ukiiacha 6, sehemu ya kwanza ya zao la Euclid daima ni kipeo cha 4, yaani 4, 16, 64 na kuendelea, na vipeo vya 4 huishia 4 au 6. Ikiishia 4, sehemu ya pili, ambayo ni maradufu yake toa 1, huishia 7, na 4 mara 7 inaacha 8 mwishoni. Ikiishia 6, sehemu ya pili huishia 1, na mwisho ni 6. Angalia 4,096 na 8,191: 6 na 1. Kwa hiyo Nicomachus aliona kitu cha kweli, akakiongezea mpangilio ambao haukuwapo. Namba nne ni ushahidi mdogo mno wa kutangazia sheria, sembuse sheria mbili.

Nikirudi kwenye jumla ya tarakimu. Nilisema ni 28, na 28 ni namba timilifu. Namba timilifu ambayo tarakimu zake zinajumlika kuwa namba timilifu! Kitu kama hicho ndicho watu hupenda kutumiana. Ni bahati tupu. Tarakimu za 8,128 zinajumlika 19, za ile ya sita zinajumlika 64, na hakuna aliye timilifu hapo. Lakini endelea kujumlisha: 28 inatoa 2 + 8, yaani 10, na 10 inatoa 1. Kwa 8,128 ni 19, kisha 10, kisha 1. Ile ya sita ni 64, 10, 1. Hata 496 ni 19, 10, 1. Hapo si bahati tena. Kufika 1 ni njia nyingine ya kusema kwamba namba ikigawanywa kwa 9 inabakiza 1, na hilo linathibitika kwa mstari mmoja: kila kipeo cha 4 kikigawanywa kwa 3 hubakiza 1, hivyo huandikika 1 + 3m, maradufu yake toa 1 ni 1 + 6m, zao lao ni 1 + 9m + 18m². Kilichozidi 1 chote kinagawanyika kwa 9. Namba timilifu shufwa zote zinatii, isipokuwa 6.

Kwa hiyo katika sifa moja ndogo ya tarakimu kuna tabaka mbili. La juu, ile 28, ni mali ya vidole vyetu kumi. La chini, lile baki la 1, ni mali ya namba, nasi tumeliona kupitia tarakimu kwa sababu tu 9 iko jirani na 10.

Tuiandike sasa kwa 1 na 0 tu, kama kompyuta zinavyofanya. Inakuwa 1111111111111000000000000: moja kumi na tatu, zikifuatwa na sifuri kumi na mbili. Ule mchezo wa 33 na 55 umetoweka, na mahali pake pana mpangilio ambao haumtaki mtu mwenye jicho kali. Wanaoandika programu na kutumia kizio cha 16, yaani kuhesabu kwa makundi ya kumi na sita badala ya makumi, watauona kama 1FFF000. Unaweza kusema hii nayo ni sifa ya maandishi, na ni kweli, ila ni maandishi yanayoonyesha mifupa. Moja kumi na tatu ni ile 8,191, yaani 2¹³ toa 1, na sifuri kumi na mbili ni ile 2¹². Kizio cha 10 kinaificha namba hii, kizio cha 2 kinaivua.

Ile 13 itakufuata kila uendako. Mwaka 1948 Øystein Ore alichunguza wastani wa harmonia wa vigawanyo: unachukua idadi ya vigawanyo, unaigawa kwa jumla ya sehemu zake, yaani 1/1 + 1/2 + 1/4 na kadhalika kwa vigawanyo vyote. Kwa kila namba timilifu jumla hiyo ya sehemu ni 2 kamili, kwa sababu ni jumla ya vigawanyo vyote, namba yenyewe ikiwemo, ikigawanywa kwa namba hiyo. Kwetu sisi idadi ni 26. Gawanya kwa 2, unapata 13.

Kuna sifa nyingine ambazo zinaandikwa kwa wingi na hazistahili wino wote huo. Ni namba ya pembetatu, yaani ni jumla ya 1 + 2 + 3 mpaka 8,191. Ni ya pembesita. Ni jumla ya vipeo vya tatu vya namba witiri kuanzia 1 hadi 127. Ni za kweli na ni nzuri, hasa hiyo ya mwisho, lakini zote zinatoka moja kwa moja kwenye umbo la Euclid. Ukishajua kwamba ni timilifu na ni shufwa, umeshazipata bure. Kuziorodhesha kama sifa tatu mpya ni kumhesabu mtu mmoja mara nne.

Napendelea sifa ambazo hazikutarajiwa. Jaribu kuiandika namba yetu kama jumla ya vipeo vya pili. Viwili havitoshi. Vitatu navyo havitoshi, na hapo sababu inahusu 8: Legendre alionyesha mwaka 1798 kwamba namba zinazoshindikana kwa vitatu ni zile ambazo, ukishaondoa 4 zote zilizomo kwa kugawa, kinachobaki kikigawanywa kwa 8 kinabakiza 7. Ondoa 4 sita kutoka 33,550,336, inabaki 8,191. Hiyo ni 8 mara 1,023, na baki ni 7. Imeshindikana. Vinne vinatosha, kwa sababu Lagrange alithibitisha mwaka 1770 kwamba vinne vinatosha kwa namba yoyote ile. Kuvipata si kazi: 90 mara 90 ni 8,100, na 91 iliyobaki ni 81 + 9 + 1. Basi 8,191 ni 90² + 9² + 3² + 1². Zidisha kila kimoja kwa 64, na namba yetu inakuwa 5,760² + 576² + 192² + 64². Jambo hili nalo linazihusu timilifu shufwa zote isipokuwa 6. Namba tulizozipa jina la ukamilifu ndizo zinazogoma kukaa katika vipeo vitatu.

Umeiona ile 90? Ilikuja kwa ajili ya vipeo vya pili, lakini ina kisa chake. 8,191 ni 90² + 90 + 1 pia, jumlisha uone: 8,100 na 91. Maana yake ni kwamba katika kizio cha 90 namba hiyo inaandikwa 111, na katika kizio cha 2 inaandikwa moja kumi na tatu. Namba inayoandikwa kwa tarakimu 1 tupu, zisizopungua tatu, katika vizio viwili tofauti, ni adimu kupita maelezo. Zinazojulikana ni mbili tu: 31, ambayo ni 111 katika kizio cha 5 na 11111 katika kizio cha 2, na 8,191. Mhandisi wa Ubelgiji, René Goormaghtigh, alidai mwaka 1917 kwamba hakuna nyingine. Hakuna aliyethibitisha wala kukanusha mpaka leo. Na hili linavuruga mgawanyo wangu kidogo, kwa sababu ni sifa ya maandishi ambayo si ya maandishi yetu. Ukiuliza kuhusu kizio kimoja ulichozoea, umeuliza kuhusu wewe. Ukiuliza kuhusu vizio vyote kwa pamoja, umeuliza kuhusu namba.

Mzigo wote, kama unavyoona, uko mabegani mwa 8,191 kuwa namba tasa. Nani alijua, na lini? Namba 33,550,336 ilikuwa imeshaandikwa katika karne ya 13 na Ismail ibn Fallus, aliyezaliwa 1194, katika jedwali la namba kumi alizodai ni timilifu. Saba za mwanzo ni sahihi, na ndizo hasa saba za kwanza. Ulaya ilichelewa. Inaonekana katika muswada wa Kilatini wa 1456 ambao mwandishi wake hajulikani. Mwaka 1536 Hudalricus Regius alieleza jambo lililokuwa likiwapoteza wengi: 2¹¹ toa 1, yaani 2,047, si namba tasa, ni 23 mara 89. Ndiyo maana pana pengo kubwa baada ya 8,128. Vipeo vinavyofaa, yaani ile namba ndogo inayokaa juu ya 2, vilikuwa 2, 3, 5 na 7. 11 ikaangusha watu, na 13 ndiyo ikafaulu.

Kuhakikisha 8,191 kwa njia ya kawaida kunataka uijaribu kwa kila namba tasa witiri kuanzia 3 hadi 89, kwa kuwa kipeuo chake cha pili hakifiki 91. Ni mgawanyo 23. Pierre de Fermat alileta njia ya mkato mwaka 1640: kipeo kikiwa namba tasa witiri, kigawanyo chochote kilicho tasa cha namba ya aina hii, yaani 2 kwa kipeo hicho toa 1, ukikitoa 1, lazima kigawanyike kwa maradufu ya kipeo. Kipeo chetu ni 13, maradufu ni 26. Kwa hiyo tunatafuta namba tasa zilizo moja juu ya kigawe cha 26, zisizofika 91. Ziko 27, 53 na 79. Ya kwanza si tasa, itupe. Zimebaki mbili. 53 mara 154 ni 8,162, baki 29. 79 mara 103 ni 8,137, baki 54. Kazi imekwisha. Mgawanyo miwili, na umethibitisha kwa mkono wako kwamba 33,550,336 ni timilifu.

Mbele zaidi mambo yanakuwa ya mashine. Hadi Oktoba 2024 zilikuwa zimejulikana namba timilifu 52, na kubwa kuliko zote inatokana na 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1, namba tasa yenye tarakimu 41,024,320. Zote 52 ni shufwa. Kama kuna timilifu iliyo witiri haijulikani. Pascal Ochem na Michaël Rao walionyesha mwaka 2012 kwamba kama ipo, lazima izidi 1 yenye sifuri 1,500 mbele yake.

Na 8,191 haikuachwa ipumzike. Palikuwa na fununu ya kupendeza: 3 ni tasa, na 2³ toa 1 ni 7, tasa. 7 nayo inatoa 127, tasa. 31 inatoa 2,147,483,647, ambayo Euler aliithibitisha kuwa tasa. 127 inatoa namba ya tarakimu 39, tasa. Basi watu wakaona kila namba tasa ya aina hii ikiwekwa kuwa kipeo itazaa nyingine. Iliyofuata katika foleni ilikuwa 8,191. Nicomachus angeitangaza sheria palepale, na safari hii nisingemlaumu sana. Mwaka 1953 kompyuta ikaikagua 2 kwa kipeo cha 8,191, toa 1, namba ya tarakimu 2,466, ikajibu kwamba si tasa. Jibu lilikuja bila kigawanyo chochote, kwani kipimo kilichotumika kinasema ndiyo au hapana tu. Kigawanyo kilipatikana baadaye: 338,193,759,479. Kitoe 1, ukigawe kwa maradufu ya 8,191, yaani 16,382, unapata 20,644,229 bila baki, sawasawa na alivyosema Fermat.